Sarafu za Alhamisi Kuu

Negotin, 3 Februari 2014

Bwana Galić,

Hatujuani. Mimi ni Rosanda Vukadinović, mjane wa Sreten Vukadinović, aliyekuwa mtunza mapipa kwenye ushirika wa mvinyo hapa Negotin. Alifariki Novemba. Jina lako, pamoja na cheo chako cha mthamini wa sarafu, nimelikuta kwenye katalogi yenu ya mnada. Sreten aliisoma hospitalini mpaka muuguzi akamnyang'anya ili ale supu.

Leo asubuhi nimempa dereva wa basi la Belgradi kifurushi chenye jina lako. Usishtuke ukifungua ukakuta chupa ya ajvar, ile rojo yetu ya pilipili. Nimeiosha vizuri, haina hata harufu ya pilipili. Ndani kuna sarafu za Sreten, thelathini na moja, zote za fedha, kila moja nimeizungushia pamba. Dereva aliitikisa akaniuliza, "Shangazi Rosanda, hii ajvar mbona inalia kama kengele?" Nikamwambia aangalie barabara.

Sitafuti utajiri. Pensheni ninayo, mizabibu ninayo, na paa halivuji. Nataka kitu kimoja tu. Kwenye katalogi yenu kuna kurasa zenye jina la mtu pale juu kwa herufi kubwa: Mkusanyiko wa Fulani. Sreten alikuwa akinisomea majina hayo polepole, kama kasisi anayesoma majina ya marehemu kanisani. Hakusema kwamba angependa na lake liwepo. Hakuwa mtu wa kusema. Lakini nimeishi naye miaka zaidi ya arobaini na najua alikuwa anasoma nini.

Shemeji yangu Budimir, mdogo wake, amemcheka maisha yote. Sarafu hizi anaziita vifungo vya koti. Hata siku ya arobaini, tukiwa makaburini, ameshika glasi ya rakia, pombe kali ya matunda, alisema mbele ya watu, "Maskini kaka yangu, kaishi na vifungo, kafa na vifungo."

Nataka jina la Sreten lichapwe pale juu. Niambie nifanye nini.

Rosanda Vukadinović


Belgradi, 10 Februari 2014

Bibi Rosanda,

Pole kwa msiba. Chupa imefika salama. Safari nyingine tafadhali tumia posta yenye bima. Nimeshasema, kwa kuwa nalipwa kusema.

Utaratibu ni huu. Sarafu hizi hazijawahi kupimwa na wataalamu wa nje. Tunazituma kwa kampuni iliyoko Ujerumani. Wao huhakikisha kwamba sarafu ni halisi, huipa kila moja daraja kulingana na hali yake, kisha huifungia kwenye kikasha cha plastiki chenye namba na cheti. Kazi hiyo huchukua miezi miwili na zaidi. Baada ya hapo zinaingia mnada wa mwisho wa Juni.

Kuhusu jina: jina la mkusanyaji huchapwa juu ya ukurasa iwapo angalau nusu ya sarafu zake zimepata daraja. Kanuni hiyo ni ya mkurugenzi. Sina uwezo wa kuibadilisha.

Nina maswali mawili. La kwanza: sarafu zimewahi kusafishwa? La pili: unakumbuka aliyoanza nayo ni ipi? Nijibu kama ilivyo.

Tihomir Galić


Negotin, 14 Februari 2014

Bwana Galić,

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Trifun, msimamizi wa mizabibu. Nimetoka kukata mizabibu, mikono imekufa ganzi, kwa hiyo usiudharau mwandiko.

Zimewahi kusafishwa? Unaniuliza au unanitukana? Umeziona zinavyong'aa! Kila mwaka, Alhamisi Kuu, nikimaliza kupaka mayai rangi ya maganda ya vitunguu, siki inayobaki siimwagi. Naichanganya na majivu laini ya mizabibu. Kwanza nasugua taa ya mbele ya ikoni, picha ya mtakatifu wetu, kisha vijiko vya kuwapa wageni matunda ya sukari, kisha sarafu za Sreten, moja moja, kwa kitambaa cha flana. Mama yangu alifanya hivyo kwa fedha ya nyumba yake, na bibi yangu vilevile. Pasaka haingii kwenye nyumba yenye fedha nyeusi.

Sreten alikaa hapo hapo mezani na kahawa yake, akinitazama. "Umeruka hapo pembeni, Roso," ananiambia. Namjibu, "Njoo ufanye wewe kama unajua sana." Haji. Anacheka tu.

Basi kwenye fomu zenu andika kwamba zimetunzwa kuliko watoto wa watu wengine.

Na aliyoanza nayo ni ile kubwa ya dinari tano, ya 1879. Alimchimbia mzee mmoja wa Bukovo kisima kiangazi kizima ili aipate. Tulikuwa wachumba, na mimi nilidhani anachimba kwa ajili ya pete! Pasaka yetu ya kwanza baada ya ndoa, mwaka 1972, nikaikuta kwenye droo, nyeusi kama soli ya kiatu. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaisugua mpaka nikauona uso wangu ndani yake, nikamwekea kwenye sahani kando ya yai jekundu. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akanibusu mikono, wa kulia, halafu wa kushoto. Sreten hakuwa mtu wa kubusu mikono.

Rosanda V.


Belgradi, 20 Februari 2014

Bibi Rosanda,

Barua yako nimeipata na nimeirudia kuisoma. Sarafu zimeondoka Jumanne kwenda Ujerumani. Kwa sasa sina la kuongeza.

Ningekushauri usiwaambie watu bado kuhusu jina kwenye katalogi. Tusubiri vyeti.

Tihomir Galić


Negotin, 22 Aprili 2014

Kristo amefufuka, Bwana Galić!

Ushauri wako ulichelewa. Nilikuwa nimeshawaambia kasisi, duka la mikate na mtaa mzima.

Umenyamaza miezi miwili. Nikikupigia simu ofisini, msichana ananiambia umetoka. Mtu gani anatoka kila siku? Mwaka huu nilisugua taa na vijiko, halafu mikono ikabaki inatafuta kitu mezani.

Budimir alikuja Jumapili ya Pasaka. Tukashindana kugonganisha mayai, lake likapasuka, akakasirika kama mtoto. Kisha akauliza, "Vifungo viko wapi?"

"Viko Ujerumani," nikamwambia.

"Ujerumani! Hata mimi nilikwenda Ujerumani, shemeji. Nikarudi na mgongo mbovu."

"Wewe hukuwa wa fedha."

Mke wake alicheka mpaka keki ikampalia. Budimir akasema, "Haya. Jina la kaka likichapwa kwenye kitabu chao, mimi mwenyewe nitasimama kaburini na kumwomba radhi kwa sauti. Lisipochapwa, wewe utakiri mbele ya wote hawa kwamba alipoteza maisha kwa takataka." Nikampa mkono. Meza nzima iliona.

Sasa unaelewa kwa nini nakusumbua. Niandikie, hata kama ni mstari mmoja.

Rosanda


Belgradi, 5 Mei 2014

Bibi Rosanda,

Vyeti vilifika siku tatu kabla ya Pasaka. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utakuwa unapaka mayai rangi. Msichana wa simu alisema nimetoka kwa kuwa nilimwomba aseme hivyo. Ulikuwa uamuzi wangu na haukuwa mzuri.

Sarafu zote thelathini na moja ni halisi. Hakuna hata moja iliyopata daraja. Kwenye kila cheti, mahali pa daraja, limeandikwa neno moja: imesafishwa.

Nikueleze, kwa kuwa huenda hakuna aliyewahi kukueleza. Weusi ule uliouona kwenye droo si uchafu. Ni ngozi ambayo fedha hujivika yenyewe kwa miaka mingi, na wakusanyaji huitafuta hiyo hasa. Siki na majivu huiondoa, na kitambaa huacha mikwaruzo myembamba ya mviringo. Ngozi hiyo ikishatoka, hairudi kama ilivyokuwa.

Kwa kanuni niliyokuandikia, jina la Bwana Sreten haliwezi kuchapwa juu ya ukurasa. Nimemwuliza mkurugenzi na amekataa.

Nina maswali mengine matatu. Nimezitazama sarafu mwenyewe kwa kioo cha kukuzia na kuna mambo sijayaelewa. Uliwahi kuzisugua kwa brashi ya waya? Uliwahi kutumia tindikali, mfano ya betri ya gari? Kuna uliyoipeleka kwa sonara ili achomelee pini ya kuvaa?

Samahani kwa habari hii.

Tihomir Galić


Negotin, 9 Mei 2014

Bwana Galić,

Kwa hiyo nimeziua mimi.

Nimekaa na barua yako tangu jana. Nimejaribu kukumbuka uso wake kila Alhamisi Kuu, amekaa na kahawa yake, ananionyesha pembeni nilikoruka. Alijua. Mtu aliyesoma katalogi kama wewe unavyozisoma lazima alijua. Alikaa pale akatazama mkewe akiyafuta maisha yake kwa flana, hakufungua mdomo, na mimi ninaimba.

Na wewe sasa unaniuliza kuhusu brashi ya waya! Brashi ya waya ni ya masufuria yaliyoungua. Tindikali! Pini! Mimi ni mwanamke wa nyumba, si mhunzi. Kama hukuwa na la kuandika, ungeacha karatasi tupu.

Kesho ni nusu mwaka tangu afariki. Nimeshapika ngano ya kumbukumbu na kasisi anakuja makaburini. Watu watakwenda. Mimi sitakwenda. Budimir si kitu, nitakiri mbele yake na atafurahi na yatakwisha. Lakini pale kaburini nitasimama nimwambie Sreten nini?

Hizo sarafu zitupe. Usinirudishie.

R. V.


Belgradi, 2 Juni 2014

Mama Rosanda,

Posta ilikatika kwa sababu ya mafuriko, na pengine ilikuwa heri, kwa kuwa nilihitaji muda. Sijazitupa. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilikuuliza kuhusu brashi kwa sababu sarafu zako zina majeraha mawili, moja juu ya jingine. La juu ni lako: mikwaruzo laini ya mviringo, iko kwenye zote. Chini yake, kwenye sarafu thelathini, kuna majeraha ya zamani na makubwa zaidi. Kadhaa zimesuguliwa kwa waya. Nyingine zimelambwa na tindikali mpaka herufi zimevimba. Mbili ziliwahi kuwa pini za blauzi, risasi ya kuchomelea bado ipo kwenye picha ya mfalme, nyuma ya shingo. Moja ilipakwa dhahabu, kisha dhahabu ikakwanguliwa kwa kisu. Wewe unasema hukufanya hayo, na mimi nakuamini. Basi nani?

Jumapili nilikwenda kwenye mkutano wa wakusanyaji ambako Bwana Sreten alikuwa akifika mara moja kwa mwezi na lori la ushirika. Yuko pale mzee anayeitwa Ozren Pejin, anauza sarafu kwenye meza ile ile tangu nikiwa mwanafunzi. Nikamwuliza kama anamkumbuka Sreten wa Negotin.

"Sreten Hospitali?" akasema. "Nani asiyemkumbuka!"

"Kwa nini Hospitali?"

"Alipokea wagonjwa tu. Kila mtu hapa aliyekuwa na sarafu iliyoharibika alimwekea Sreten. Nani mwingine angeinunua?"

"Hakujua?"

"Hakujua! Alijua kuliko wewe, na wewe una diploma ukutani. Siku moja nilimtolea ya dinari mbili, nyeusi, haijaguswa na mkono wa mtu. Akaishika ukingoni, akaigeuza kwenye mwanga, nusu saa nzima. Kahawa yake ikapoa. Halafu akanirudishia. 'Hii siwezi kwenda nayo nyumbani, Ozren. Nipe iliyokwisha haribika.' Nikamwambia, wewe mwendawazimu. Akasema, 'Mke wangu huzisafisha kila Pasaka. Anaimba akizisafisha. Mwaka mzima haimbi, isipokuwa siku ile. Sasa unataka nimwambie aache?'"

Nilimwomba Ozren arudie maneno hayo, nikayaandika pale pale. Ndivyo alivyosema, sikuongeza.

Kwa hiyo hali halisi ni hii. Sarafu uliyoiharibu wewe ni moja, ya dinari tano, ya 1879. Hiyo peke yake haina jeraha jingine chini ya lako. Ungeiacha, ingekuwa miongoni mwa nzuri nilizowahi kuziona. Hizo nyingine hukuziharibu. Hazikuwa na kitu cha kuharibika tena. Alihakikisha hivyo kabla ya kuzileta nyumbani.

Kuhusu jina, mkurugenzi bado anasema hapana kwa herufi kubwa. Lakini chini ya kila sarafu katalogi ina mstari wa asili, unaosema imetoka kwa nani, na mstari huo huandikwa na mimi. Herufi zake ni ndogo. Nakusudia kuiuza ya 1879 peke yake, na zile thelathini kwa pamoja kama fungu moja. Zile thelathini hazitapata mnunuzi kwa urahisi, sitakudanganya. Mstari ungesomeka hivi:

"Imesafishwa. Kutoka mkusanyiko wa Sreten Vukadinović (1944–2013), mtunza mapipa, Negotin."

Nikipata ridhaa yako kufikia Juni 12, katalogi inakwenda mtamboni.

Wako,
Tihomir


Negotin, 8 Juni 2014

Mwanangu Tihomir,

Barua yako niliisoma nimesimama uani, kisha nikavaa viatu nikaenda makaburini kabla sijabadilisha mawazo. Nilimgombeza. Nilimgombeza kwa sauti, kwamba alikuwa mjinga, kwamba angefungua mdomo wake mara moja tu, mwaka 1972, ningelia siku mbili na yangekwisha, na yeye angenunua sarafu kama wanaume wengine. Mlinzi akaja mbio na fagio lake akauliza, "Mama, kuna mtu anakusumbua?" Nikamwambia, "Ndiyo. Huyu hapa."

Halafu nikakaa. Namfikiria pale mezani kwa Ozren, ameishika ile nyeusi nusu saa, kisha anairudisha. Kila mwezi alirudi na lori amechoka, anatoa kitu mfukoni kwenye leso, anasema, "Tazama, Roso, nimepata nyingine." Na mimi namwambia, "Mbona chafu hivi, nani alikuwa nayo, nguruwe?" Anasema, "Ndiyo maana nimekuletea."

Jana jioni nilimwita Budimir nikamsomea barua yako yote. Nilikuwa tayari kukiri, kwa kuwa mkono nilimpa. Hakunidai. Alimenya tufaha moja mpaka likabaki mbegu, kisha akasema, "Mimi mke wangu akipunguza chumvi tu, nainuka mezani." Akachukua kofia yake akaondoka. Kasisi ameniambia kwamba leo asubuhi alionekana makaburini. Alisema nini huko, sijauliza.

Sasa sikiliza ninavyotaka.

Ile ya 1879 iuze. Ilikuwa ya Sreten kabla yangu, aliichimbia kisima, na mimi ndiye niliyeiharibu. Iende kwa mtu atakayeipenda hivyo ilivyo. Herufi ndogo zinatosha. Ila mstari wako una upungufu. Wewe hupenda mambo yaandikwe kama yalivyo, basi andika: "Imesafishwa na mkewe, Rosanda, Alhamisi Kuu ya mwaka 1972. Kutoka kwa Sreten Vukadinović." Mkurugenzi akibisha, mwambie mjane amekataa kutia saini.

Zile thelathini zitoe mnadani. Zivue hivyo vikasha vya plastiki unirudishie zilivyo, leo kabla ya kesho. Nilidhani nimekutumia sarafu za Sreten. Sreten alikuwa na sarafu moja. Hizo nyingine alininunulia mimi.

Rosanda